Paul Langevin na Sauti Isiyosikika

Paul Langevin alizaliwa katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, mwaka 1872. Mmoja wa walimu wake alikuwa Pierre Curie. Bwana huyu na ndugu yake walikuwa wamevumbua, mwaka 1880, ya kuwa jiwe liitwalo kwatsi likikandamizwa hutoa umeme. Na baadaye ikaonekana ya kuwa likitiwa umeme hutetemeka. Langevin aliyaweka mafundisho hayo moyoni.

Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, merikebu za Kijerumani zipitazo chini ya maji zilizamisha vyombo vingi, na watu wengi wakafa baharini. Mwaka 1915 Langevin akaanza kutafuta njia ya kuzigundua. Alichukua vipande vyembamba vya kwatsi, akavibana katikati ya sahani mbili za chuma, akavitia umeme unaogeuka-geuka upesi mno. Vikatetemeka, vikatoa majini sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti ile ilikwenda, ikapiga kitu, ikarudi kama mwangwi. Na kwa kuhesabu muda wake akajua umbali. Mwaka 1918 alipata mwangwi wa merikebu iliyozama chini ya maji.

Lakini katika kazi ile lilionekana jambo la kutisha. Samaki wadogo waliopita karibu na chombo walikufa mara moja, na mtu aliyetia mkono pale aliona maumivu. Nguvu kama hiyo haifai kuelekezwa mwilini mwa mtu kabla ya kujulikana kiasi chake.

Je, sauti isiyosikika itapimwaje? Sauti husukuma kitu inachokipiga. Langevin aliueleza msukumo huo kwa hesabu, na mwanafunzi wake akayachapisha mafundisho hayo mwaka 1932. Siku hizi waganga hutumia sauti ya namna hiyo kumtazama mtoto tumboni mwa mama yake. Ili chombo kisizidi kiasi, mafundi hukielekeza, ndani ya maji, kwenye kipande cha mpira kinachomeza sauti, kilichoshikwa na mizani nyepesi sana. Nguvu ya wati 1 husukuma kama uzito wa miligramu 68 hivi, yaani punje tatu za mchele. Mizani ikionyesha zaidi ya kiasi, chombo hakitumiki.

Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka Paris, wakamfunga Langevin, kwa kuwa alikuwa ameupinga udhalimu. Mkwewe aliuawa mwaka 1942. Binti yake alipelekwa kambi ya Auschwitz, akarudi hai. Yeye mwenyewe alikimbilia Uswisi mwaka 1944. Alikufa Paris mwaka 1946, na mwaka 1948 mwili wake ukahamishiwa Panthéon, wanamolazwa watu wakuu wa Ufaransa.

Hivyo nguvu iliyoua samaki, baada ya kupimwa, imekuwa msaada kwa mama na mtoto.