Erik Erikson na Aibu ya Mtoto Mdogo

Kila mwanachuo wa ualimu hukutana na jina la Erik Erikson katika somo la saikolojia. Huzikariri hatua zake nane za makuzi, hujibu mtihani, kisha huzisahau. Ni wachache wanaokumbuka kuwa hatua ya pili, ile ya uhuru dhidi ya aibu na mashaka, inahusu pamoja na mengine jambo la kila siku katika malezi: mtoto kujifunza kwenda haja. Na ni wachache zaidi wanaojua kuwa aliyeieleza hatua hiyo aliifahamu aibu tangu utotoni mwake.

Erikson alizaliwa tarehe 15 Juni, 1902, huko Frankfurt, Ujerumani. Mama yake, Karla Abrahamsen, alikuwa Myahudi kutoka Denmark. Baba yake mzazi hakupata kumjua kamwe. Alipotimiza miaka mitatu, mama yake aliolewa na Theodor Homburger, daktari wa watoto wa mji wa Karlsruhe, na mtoto akalelewa akiambiwa kuwa huyo ndiye aliyemzaa. Alikua mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Shuleni wenzake walimdhihaki kwa kuwa Myahudi. Katika sinagogi alidhihakiwa kwa kuwa hakufanana na Wayahudi. Hivyo alijifunza mapema jinsi macho ya watu yanavyoweza kumchoma mtoto.

Alipomaliza sekondari hakwenda chuo kikuu. Alizunguka Ulaya akichora picha, hata mwaka 1927 rafiki yake, Peter Blos, alipomwita Vienna kufundisha katika shule ndogo. Huko alipata cheti cha ualimu wa njia ya Montessori, na akafunzwa na Anna Freud namna ya kuwatibu watoto wenye matatizo ya nafsi. Ninyi mnaojiandaa kufundisha shule za msingi lizingatieni jambo hili: mtu huyu, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, hakuwa na shahada yoyote. Elimu yake aliianzia darasani, mbele ya watoto.

Mwaka 1930 alimwoa Joan Serson, na mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka Ujerumani, walihamia Marekani. Baadaye Erikson alikwenda Pine Ridge, Dakota Kusini, kuwatazama Wasioux walivyowalea watoto wao. Walimu wa shule za serikali waliwaona wazazi hao kuwa wazembe. Erikson aliona vingine. Katika desturi yao ya zamani mtoto hakuharakishwa wala kukaripiwa. Wenzake wakubwa walimshika mkono na kumpeleka mahali panapofaa, naye akajifunza kwa kuiga.

Mwaka 1944 alizaliwa mtoto wao wa nne, Neil, akiwa na ulemavu wa akili. Alipelekwa kulelewa katika taasisi, na ndugu zake wakaambiwa kuwa amefariki. Watu wengi hawakuijua siri hiyo mpaka baada ya kifo cha Erikson. Tusimhukumu kwa haraka. Lakini tuone kuwa hata bingwa wa malezi aliweza kushindwa na aibu nyumbani mwake.

Mwaka 1950 alitoa kitabu chake kikuu, Childhood and Society. Humo alieleza kuwa mtoto wa miaka miwili au mitatu anagundua nguvu mpya mwilini mwake: anaweza kubana na anaweza kuachia. Mlezi akimwongoza kwa uthabiti na upole, mtoto hujiamini kuwa anaweza kujitawala. Akimlazimisha kabla ya wakati, au akimfedhehesha anapokosea, mtoto hujifunza kujificha na kujitilia shaka.

Hata hivyo, umri aliouandika Erikson si sheria ya dunia nzima. Mwaka 1977 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama wa Kidigo alianza kumfundisha mwanawe akiwa na majuma machache tu: alimketisha katikati ya miguu yake, akatoa mlio maalumu, na mtoto alipokojoa akamtunza kwa kumnyonyesha na kumpakata. Kwa miezi sita hivi mtoto aliweza kukaa mkavu. Waliwahi kuliko walivyotazamia madaktari wa Marekani, lakini bila kuaibisha. Basi jambo kubwa si umri, bali namna.

Naandika haya kwa kuwa nami nimekosa. Nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja upande wa Mkolani, hapa Mwanza. Mtoto wa darasa la awali alijikojolea. Wenzake wakacheka, na mwanachuo akaendelea na somo kama kwamba hakuona. Nikampa alama nzuri za kutawala darasa. Siku ya pili mtoto yule hakuja shule.

Mwalimu wa awali hana budi kuwaonyesha watoto choo siku ya kwanza, na kuwapeleka kwa zamu kabla hawajabanwa. Mtoto akiomba ruhusa, asicheleweshwe. Awekwe kaptula na gauni la akiba kabatini. Ajali ikitokea, mtoto atolewe kimya kimya, na kicheko cha darasa kikomeshwe mara moja. Ikizidi kutokea, mwalimu aongee na mzazi faraghani, kwani huenda mtoto ni mgonjwa au ana hofu.

Erikson alifariki tarehe 12 Mei, 1994, huko Harwich, Massachusetts. Hatua zake zitaendelea kuulizwa katika mitihani yetu. Lakini jibu la hatua ya pili hutolewa darasani, pale sakafu inapolowa na watoto arobaini wanapomgeukia mwalimu kuona atafanya nini.