Kapteni Aliyehukumiwa na Magazeti

Katika watu waliodhulumiwa kwa kalamu kabla ya kudhulumiwa kwa hukumu, sijui aliyempita Alfred Dreyfus, na ndiye nitakayemsimulia leo. Alizaliwa mnamo mwaka wa 1859 mjini Mulhouse, katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Wazee wake walikuwa Mayahudi wenye kiwanda cha nguo. Wajerumani walipolitwaa jimbo hilo baada ya vita vya 1870, jamaa zake walichagua kubaki Wafaransa, na kijana Alfred akaingia jeshini. Akapanda hadi kuwa kapteni wa mizinga, akaoa, akapata watoto wawili, na mwaka wa 1893 akapelekwa makao makuu ya jeshi mjini Paris.

Mwezi wa Septemba 1894 majasusi wa Ufaransa waliletewa barua iliyookotwa katika kapu la taka la afisa mmoja wa ubalozi wa Ujerumani. Haikuwa na jina la mwandishi, lakini ilionyesha wazi kwamba kuna afisa wa Kifaransa anayeuza siri. Wakubwa wakalinganisha miandiko, wakadai kuwa wa Dreyfus unafanana nao, na Uyahudi wake ukafanywa kama ushahidi wa pili. Alikamatwa tarehe 15 Oktoba.

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Kwa majuma mawili habari ilifichwa. Kisha mtu akaivujisha kwa La Libre Parole, gazeti lililokuwa likiishi kwa kuwatukana Mayahudi, nalo likatangaza jina lake, uhaini na Uyahudi vikitajwa kwa pumzi moja. Magazeti mengine yakafuata mbio. Mwishoni mwa Novemba Waziri wa Vita, Jenerali Mercier, akaliambia gazeti la Le Figaro kwamba hatia ya mtu huyu haina shaka, na kesi ilikuwa bado majuma matatu kuanza! Mahakimu walikuwa ni maafisa walio chini ya waziri huyo. Mimi nauliza, ni nani kati yao angethubutu kumwachilia mshtakiwa na kumfanya mkubwa wake mwongo mbele ya nchi nzima?

Sisi tuliosoma kisa cha Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, na uzushi uliozagaa Madina kabla hajatakaswa, twajua jinsi neno linavyotembea likipewa ndimi za kulibeba. Paris ya wakati huo ilikuwa na ndimi za karatasi, zikichapwa kila asubuhi.

Kesi ilisikilizwa kwa siri, siku nne tu, na mahakimu wakapewa faili ambalo wakili wa mshtakiwa hakuonyeshwa. Hukumu ikawa kifungo cha maisha. Tarehe 5 Januari 1895 alivuliwa alama za cheo na upanga wake ukavunjwa hadharani, huku umati ukizomea. Le Petit Journal, gazeti lililonunuliwa na watu wapatao milioni moja, lilichora tukio hilo na kulipa picha jina la msaliti. Kisha akapelekwa Kisiwa cha Shetani, karibu na Guyana ya Kifaransa.

Sasa kuna jambo ambalo husahauliwa na wengi. Nduguye, Mathieu, akiogopa kwamba Alfred atasahauliwa kabisa, alifanya mpango gazeti moja la Uingereza liandike, mnamo Septemba 1896, kwamba mfungwa ametoroka. Ulikuwa ni uongo, ingawa nia ilikuwa njema. Serikali ikashtuka, ikaamuru ajengewe ua mrefu wa miti usiomwachia hata kuiona bahari, na kila usiku kwa majuma kadhaa akafungwa miguu kwa vyuma kitandani. Maskini hakuambiwa hata sababu.

Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo huo gazeti la Le Matin lilichapa picha ya barua yenyewe, bila kutia maneno mdomoni mwa mtu. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa benki akautambua mwandiko: ni wa Meja Esterhazy, mteja wake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanywa na magazeti katika kisa hiki.

Hata hivyo Esterhazy alishtakiwa na kuachiliwa. Tarehe 13 Januari 1898 mwandishi Émile Zola akatoa barua yake mashuhuri katika L'Aurore, akiwashtaki majenerali kwa majina. Alikuwa shujaa, sikatai, na alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Lakini naye alimtwika Kanali du Paty de Clam mzigo mkubwa kuliko wake, na aliyeghushi hati, afisa Henry, hakumshtaki. Henry alijiua mwezi wa Agosti mwaka huo baada ya kugunduliwa.

Mwaka wa 1899 Dreyfus alirudishwa, akahukumiwa tena mjini Rennes, akapatikana na hatia tena, kisha akasamehewa. Ilimbidi angoje hadi tarehe 12 Julai 1906 ndipo mahakama kuu ilipotamka kwamba hana kosa.

Mnamo Juni 1908, alipohudhuria kuhamishwa kwa mabaki ya Zola, mtu alimpiga risasi mkononi. Mtu huyo alikuwa mwandishi wa gazeti. Alipelekwa mahakamani, na baraza la wazee wa mahakama likamwachilia huru.