John Akii-Bua: Askari aliyetengenezwa kiunzi kwa kiunzi

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

SEPTEMBA 2, 1972, katika Uwanja wa Olimpiki mjini Munich, askari polisi kijana kutoka Uganda alipangiwa njia namba moja katika fainali ya mbio za meta 400 kuruka viunzi. Njia hiyo ya ndani ndiyo inayochukiwa zaidi na wakimbiaji warefu, kwa kuwa kona zake ni kali kuliko za njia nyingine zote.

Sekunde 47.82 baadaye, askari huyo, John Akii-Bua, alikuwa bingwa wa Olimpiki na binadamu wa kwanza kumaliza mbio hizo chini ya sekunde 48. Uganda ilikuwa imepata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya michezo hiyo.

Akii-Bua alifariki dunia mwaka 1997, lakini maisha yake yanabaki kuwa somo kwa kila mji wenye vijana wenye vipaji na uhaba wa walimu. Kigoma na Ujiji ni miongoni mwa miji hiyo. Jioni, kwenye mchanga wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika na katika viwanja vya mitaani, vijana hujifunza michezo kwa kutazamana wao kwa wao, na wengi hukua bila kupata mwalimu wa kuwaeleza ni hatua ipi wanaikosea.

Akii-Bua naye alianza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba walitokea watu wawili, mmoja baada ya mwingine, waliosimama na kumtazama yeye peke yake.

Mtoto wa chifu, keshia wa baa

Alizaliwa Desemba 3, 1949, Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto katika ukoo huo walizidi 40. Katika familia kubwa kiasi hicho, mtoto mmoja hakuwa rahisi kuonekana.

Baba alipofariki dunia katikati ya miaka ya 1960, masomo ya kijana huyo yalikatika. Akiwa na umri wa takribani miaka 15, alifanya kazi ya keshia katika baa ya ndugu yake. Baadaye alikwenda Kampala na kujiunga na Jeshi la Polisi.

Enzi hizo majeshi ya nchi za Afrika Mashariki ndiyo yaliyokuwa shule kuu ya riadha. Kijana aliyevaa sare alikuwa na uhakika wa chakula, malazi, muda wa mazoezi na mashindano ya kila mwaka. Kwa Akii-Bua, polisi ilimpa kitu kingine cha ziada, nacho ni mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Jorem Ochana, ofisa wa polisi ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa viunzi mwenye sifa. Ochana aliona mwili mrefu, miguu mirefu na nyonga nyepesi. Aidha, aliona kosa moja: kijana alikuwa akijirusha juu mno kila alipokutana na kiunzi, na kupoteza muda mwingi akiwa hewani.

Ochana hakupoteza maneno. Alichukua kiunzi kingine na kukiweka kichwa chini juu ya kile cha kurukwa, na hivyo kubakiza nafasi finyu katikati. Kijana akirukia juu aligonga paji la uso, na akiruka chini mno aligonga magoti na vifundo vya miguu. Akii-Bua alitoka damu mara nyingi, na kovu la usoni alibaki nalo. Lakini alijifunza kupita juu ya kiunzi akiwa ameinamisha kiwiliwili, kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango mfupi bila kupunguza mwendo.

Mwalimu wa pili

Mwaka 1968 aliwasili Uganda kocha kijana kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, aliyeajiriwa kuwanoa wanariadha wa taifa. Wakati huo Akii-Bua alikuwa akishindana zaidi katika meta 110 kuruka viunzi, na pia katika dekathloni, yaani mashindano ya michezo 10 ambayo mwanariadha mmoja huicheza kwa siku mbili.

Arnold alimchunguza na kufikia uamuzi uliobadili maisha ya kijana huyo. Alimtaka ahamie meta 400 kuruka viunzi, mbio ambazo wengi huziogopa kwa sababu zinadai kasi ya mkimbiaji wa mbio fupi, mapafu ya mkimbiaji wa mbio za kati na hesabu za fundi seremala.

Hesabu hizo zinahitaji maelezo. Katika mbio za meta 400 kuna viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimeta 91.4 kwa wanaume. Kiunzi cha kwanza kipo meta 45 kutoka mahali pa kuanzia, vingine vinaachana kwa meta 35, na baada ya kile cha mwisho zimebaki meta 40 hadi kwenye utepe.

Ndani ya meta hizo 35, mkimbiaji hodari hupiga hatua kati ya 13 na 15. Akipiga hatua 13 au 15, huruka kila kiunzi kwa mguu ule ule. Akichoka na kulazimika kupiga hatua 14, mguu hubadilika. Asiyeweza kuruka kwa mguu wa pili hulazimika kukatakata hatua mbele ya kiunzi, na hapo ndipo medali nyingi hupotelea.

Ni kazi isiyofundishika kwa kundi. Idadi ya hatua hutegemea urefu wa mguu wa mtu mmoja, uchovu wa mtu mmoja na woga wa mtu mmoja. Akii-Bua alijifunza kuruka kwa miguu yote miwili, uwezo uliokuwa adimu miongoni mwa wapinzani wake, na uliomwezesha kubadili mwendo katikati ya mbio bila kusita.

Mwaka 1970 alishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Licha ya kusumbuliwa na maumivu, alishika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Marekani na Afrika yaliyofanyika Durham, Marekani, alikimbia kwa sekunde 49.0, muda bora zaidi duniani kwa mwaka huo.

Kuelekea Munich, mazoezi yaligeuka mateso. Akii-Bua alivaa koti lililowekewa uzito wa takribani kilo 11, kisha akakimbia meta 1,500 huku akiruka viunzi vilivyoinuliwa hadi sentimeta 106.7, kimo cha viunzi vya meta 110. Alipomaliza, alipumzika kidogo na kurudia tena na tena. Lengo lilikuwa kumfanya aione siku ya fainali, bila koti na mbele ya viunzi vifupi, kama siku ya mapumziko.

Siku ya fainali

Katika fainali hiyo alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 na mshikilizi wa rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Alikuwapo pia Ralph Mann wa Marekani. Wote wawili walitoka katika mataifa yenye viwanja, madaktari na vyuo vikuu vya michezo.

Hemery aliondoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua, akiwa njia ya ndani, aliwaona wapinzani wake wote mbele yake, kama ilivyo kwa kila aliyepangiwa njia hiyo. Walipoingia kona ya mwisho alianza kuwala mmoja baada ya mwingine, na walipofika sehemu iliyonyooka alikuwa ameshika uongozi. Mann alimaliza wa pili kwa sekunde 48.51, na Hemery wa tatu kwa sekunde 48.52.

Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja, akiruka na kucheza, akivuka viunzi ambavyo havikuwapo tena, huku watazamaji wakimshangilia.

Ikumbukwe kuwa hadi wakati huo medali za dhahabu ambazo Ethiopia, Kenya na Tunisia zilikuwa zimepata katika riadha ya Olimpiki zilikuwa za mbio za kati na ndefu. Uganda yenyewe ilikuwa na medali mbili tu, za ndondi, zilizopatikana mwaka 1968. Ushindi wa Munich ulionyesha kuwa Mwafrika aliyefundishwa vizuri anaweza pia kutawala mbio zinazohitaji ufundi.

Nyumbani, shujaa na mshukiwa

Furaha hiyo ilipokewa na nchi iliyokuwa katika hofu. Idi Amin alikuwa amempindua Rais Milton Obote mnamo Januari 25, 1971. Obote alikuwa Mlango, kama alivyokuwa Akii-Bua, na askari wengi wa kabila hilo waliuawa baada ya mapinduzi. Wiki mbili tu baada ya fainali ya Munich, wapiganaji waliomuunga mkono Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania na kushindwa, na hali ya Walango ikazidi kuwa ngumu.

Kwa hiyo Akii-Bua aliishi maisha ya aina mbili. Hadharani alikuwa shujaa wa taifa, aliyepandishwa cheo, kupewa nyumba na kuitiwa barabara mjini Kampala. Faraghani alikuwa mtu wa kabila linalotiliwa shaka, na baadhi ya ndugu zake waliuawa katika utawala huo.

Pigo la kimichezo nalo lilikuja kimya kimya. Arnold aliondoka Uganda, na baadaye alikuja kuwanoa mabingwa wengine, akiwamo Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya meta 110 kuruka viunzi mwaka 1993. Akii-Bua alibaki na kipaji chake, lakini jicho lililokuwa likimtazama kila siku halikuwapo tena.

Hata hivyo, alitwaa dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Januari 1973. Ni michezo hiyo hiyo ambayo Mtanzania Filbert Bayi alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika meta 1,500.

Mwaka 1976 wote wawili, Bayi na Akii-Bua, walinyimwa nafasi waliyoisubiri. Nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilisusia Olimpiki ya Montreal kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Bayi hakukutana na John Walker. Akii-Bua naye hakukutana na Mmarekani Edwin Moses, ambaye alitwaa dhahabu hiyo na kuivunja rekodi ya Munich.

Mkimbizi

Vita kati ya Tanzania na Uganda, iliyoanza baada ya majeshi ya Amin kuivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, ilimaliza utawala huo. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Katika misukosuko hiyo Akii-Bua alivuka mpaka na kuingia Kenya, ambako bingwa wa Olimpiki alijikuta katika kambi ya wakimbizi.

Kampuni ya viatu vya michezo ya Puma ilimsaidia kutoka huko na kumpeleka Herzogenaurach, Ujerumani Magharibi, ambako ilimpatia kazi. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 30, na mbio zake ziliishia nusu fainali.

Katika miaka ya 1980 alirejea nyumbani na katika Jeshi la Polisi, safari hii akiwa mwalimu. Alijaribu kuwapa vijana kile alichopewa na Ochana na Arnold, katika nchi iliyokuwa imechoshwa na vita na yenye mambo mengi ya kufanya kabla ya kununua viunzi.

Alifariki dunia Juni 20, 1997, mjini Kampala, akiwa na umri wa miaka 47. Alikuwa mgane, na aliacha watoto 11. Serikali ya Uganda ilimzika kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2012, miaka 40 baada ya Munich, kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, pale Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni mjini London.

Miaka hiyo 40 haikutokana na ukosefu wa vijana wenye miguu mirefu. Wapo Lango, na wapo Kibirizi, Mwanga na Ujiji. Julai 2021, Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma ulifurika watu kutazama Simba ikiifunga Yanga bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho, kwa bao la Mganda Taddeo Lwanga. Mashabiki waliona nyota waliokamilika. Kilichokosekana mbele ya macho ya watoto waliokaa jukwaani ni saa za mazoezi zilizotangulia, na mwalimu aliyekuwa pembeni akihesabu makosa.

Ochana hakuwa na uwanja wa kisasa. Alikuwa na viunzi viwili, kimoja juu ya kingine, na kijana mmoja wa kumtazama.