Mtawa Aliyetoroka Kwenda Nalanda

Wanazuoni wenzangu, kila nikiona foleni ya kutoa kopi ya desa steshenari, mimi humkumbuka Xuanzang, mtawa wa Kibudha wa China aliyefariki mwaka 664.

Shida yake ilikuwa desa. Vitabu vya dini yake vilitafsiriwa kutoka Kisanskriti na watu tofauti, na tafsiri zikawa zinapingana. Walimu nao kila mmoja na lake. Mwingine angechagua mwalimu mmoja, akariri yake, maisha yaendelee. Yeye akaamua kuvifuata vitabu kulekule vilikotoka, India.

Serikali ilikuwa imekataza watu kuvuka mpaka wa magharibi. Akaondoka kwa kificho, karibu na mwaka 629. Jangwani kiriba kikamponyoka, maji yote yakamwagika mchangani, akaenda siku nne bila tone. Kufika Gaochang, mfalme akampenda mno, akamkatalia kuondoka. Jamaa akagoma kula mpaka akaachiwa. Migomo tunaijua, lakini huu wa kukataa ubwabwa ili ukasome, mimi sijausikia hapa kwetu.

Nalanda iko Bihar ya leo, na wakati anafika chuo kilikuwa na umri wa kama miaka 200. Usaili ulifanyika getini: mlinzi wa mlango anakuuliza maswali magumu, ukishindwa unageuza. Xuanzang ameandika kwamba katika watu 10, saba au wanane walirudi walikotoka. Aliyeingia hakuwaza bumu, maana mapato ya vijiji 100 yalilisha na kuvisha chuo kizima. Yeye kama mgeni wa heshima alipewa kila siku popoo 20, kungumanga 20 na kipimo cha mchele wenye punje kubwa unaonukia. Mwanafunzi wake Huili anasema watawa walikuwa 10,000. Hiyo namba naipokea kwa tahadhari, maana Huili alikuwa anamsifia mwalimu wake.

Mkuu wa chuo alikuwa Silabhadra, mzee sana. Huyo ndiye aliyekaa na mgeni akamfundisha maandiko ya Yogachara, yale yaliyomkosesha usingizi nyumbani. Hawakusoma dini tu; mantiki, sarufi na tiba vilikuwepo pia.

Akarudi China mwaka 645 na maandiko 657 juu ya farasi 20. Njiani, kuvuka mto Indus, mashua iliyumba na miswada kama 50 ikaenda na maji. Akasimamisha safari, akatuma watu wakanakili upya. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwani nani angejua kama angenyamaza?

Mfalme Taizong alimsamehe, tena akamtaka awe waziri. Akakataa. Miaka 19 iliyobaki akatafsiri: kazi 75, zaidi ya magombo 1,300.

Karibu na mwaka 1200 Nalanda ilivamiwa, na baadaye hata mahali ilipokuwa pakasahaulika. Karne ya 19 Mwingereza Alexander Cunningham aliyatambua magofu yake kwa kufuata kitabu cha safari cha Xuanzang. Na kuna kazi moja, Mahavibhasha, magombo 200, ambayo asili yake ya Kisanskriti haipo tena ikiwa nzima. Iliyobaki kamili ni tafsiri yake. Mhindi anayetaka kuisoma yote leo, sharti apitie Kichina.