Maisha na Kazi ya Philip Ndegwa, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya (1982-1988)

Jina Ndegwa linapotajwa katika historia ya uchumi wa Kenya, msomaji hana budi kuuliza ni Ndegwa yupi. Magavana wawili wa Benki Kuu ya Kenya walipokezana kiti wakiwa na jina hilo. Wa kwanza ni Duncan Ndegwa, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, ambaye alihudumu tangu 1967 hadi 1982. Wa pili ni Philip Ndegwa, aliyemrithi na kuongoza hadi 1988. Isitoshe, kila mmoja wao aliongoza jopo la serikali ambalo ripoti yake hadi leo huitwa Ripoti ya Ndegwa. Moja ni ya 1971 na nyingine ya 1982. Katika Kikuyu jina hili lina maana ya fahali. Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, ila kwa zamu. Anayezungumziwa hapa ni huyo wa pili.

Philip Ndegwa alizaliwa mwaka 1936 katika eneo la Mlima Kenya, na ujana wake ukaangukia miaka ya Hali ya Hatari. Alisomea uchumi katika Chuo cha Makerere, Kampala, kisha akaenda Harvard nchini Marekani. Aliporejea Makerere kama mtafiti na mhadhiri mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zingali zinatumia sarafu moja. Reli zilikuwa za pamoja, posta hali kadhalika, na ndege zilizoruka baina ya miji yao mikuu zilikuwa za shirika moja, East African Airways. Viongozi walikuwa wakihubiri shirikisho la kisiasa. Ndegwa aliuliza swali ambalo halikupendeza sana katika hotuba za jukwaani: faida ya soko hilo la pamoja ilimwendea nani?

Jibu lake lilichapishwa mwaka 1965 katika kitabu The Common Market and Development in East Africa. Soko la pamoja, kwa mtazamo wake, lilikuwa na manufaa, lakini manufaa hayo hayakugawanyika sawa. Viwanda vilirundikana Kenya, hasa Nairobi, nao majirani wakabaki kuwa wanunuzi wa bidhaa zilizotengenezwa huko. Pasipo mpango wa makusudi wa kugawana viwanda, manung'uniko yangeongezeka. Ikumbukwe kwamba mwandishi alikuwa Mkenya, na nchi aliyokuwa akiitaja kuwa yenye kunufaika zaidi ilikuwa yake mwenyewe. Ni nadra msomi kijana kuanza safari yake kwa kuipimia nchi yake kwa mizani ileile anayowapimia jirani.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa sarafu yake. Mkataba wa 1967 uliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki na kujaribu kurekebisha tofauti za viwanda kwa kodi maalumu, ila mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. East African Airways ikafa pamoja nayo, na katika mwaka huohuo Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege, Kenya Airways. Shirika hilo tutalirudia, kwa kuwa maisha ya Ndegwa yalimrudisha huko.

Wakati huo yeye alikuwa amekwisha kuacha uhadhiri. Aliingia serikalini, akapanda hadi cheo cha Katibu wa Kudumu, kwanza upande wa mipango ya uchumi na baadaye katika Hazina. Alifanya kazi pia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, baada ya makao yake makuu kuwekwa Nairobi. Sambamba na hayo alikuwa mfanyabiashara. Ripoti ya 1971, ile ya Duncan, ilikuwa imewaruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara zao binafsi, na Philip Ndegwa ni miongoni mwa waliojenga mali ya kudumu katika kipindi hicho. Kampuni aliyoiasisi, First Chartered Securities, ilikuja kuwa na mizizi mirefu katika bima na uwekezaji. Ruhusa hiyo imelaumiwa mno, na kwa haki, kwa sababu iliweka kalamu ya sera na daftari la hisa katika mkono mmoja. Hakuna wasifu wa Ndegwa utakaokuwa kamili ukiliruka jambo hili, hata kama sheria ilikuwa upande wake.

Mwaka 1982 ulikuwa mzito. Kenya ilitangazwa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja mwezi Juni, na tarehe 1 Agosti likafuata jaribio la mapinduzi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, fedha za kigeni zilikuwa haba, na Hazina ilikuwa na nakisi kubwa. Katika mwaka huo Ndegwa aliongoza jopo lililochunguza matumizi ya serikali, na ripoti yake haikuuma maneno. Serikali ilikuwa imejitwika shughuli nyingi kupita uwezo wake. Mashirika ya umma yaliyoanzishwa ili kuleta faida yalikuwa yakinyonya fedha za walipa kodi, na ripoti ikapendekeza serikali ijiondoe katika biashara ambazo watu binafsi wangeweza kuziendesha. Ilihimiza vilevile kwamba mipango ya maendeleo isogezwe wilayani, na kutokana na hilo mkakati wa kuipa wilaya kipaumbele ukaanza kutekelezwa mwaka 1983. Pendekezo la wilaya lilitekelezwa upesi. Lile la mashirika likawekwa kabatini. Haishangazi. Mashirika hayo yalikuwa chemchemi ya ajira na fadhila za kisiasa, na hakuna mwanasiasa anayefukia kisima anachotekea maji.

Akiwa gavana, Ndegwa alipokea shilingi iliyokuwa imepunguzwa thamani. Badala ya kungoja mishtuko mikubwa ya ghafla, thamani yake ilianza kurekebishwa kidogo kidogo. Ukame wa 1984 ulilazimisha nchi kuagiza nafaka kutoka ng'ambo. Kahawa ilileta nafuu mwaka 1986, pale bei yake ilipopanda kwa sababu ya ukame wa Brazil. Mtihani wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitoka ndani. Mwaka 1984 ilianguka Rural Urban Credit Finance, na mwaka 1986 ikafuata Continental Bank pamoja na kundi la Union Bank. Hizi zilikuwa taasisi za wazawa, ambazo kuanzishwa kwake kulishangiliwa kama ushindi dhidi ya benki za kigeni. Wateja walipiga foleni milangoni wakitafuta akiba zao. Katika kipindi hicho sheria ilirekebishwa, na ukaundwa mfuko wa kulinda amana za wateja wadogo, ambao ulianza kazi mwaka 1986. Mtu anaweza kudai, bila kumwonea, kwamba ukaguzi wa Benki Kuu ulichelewa. Leseni zilikuwa zimetolewa kwa wingi, na gavana wa zama hizo hakuwa na kinga ya kumkatalia mkubwa.

Aliondoka Benki Kuu mwaka 1988. Mwaka 1991 serikali ilimkabidhi uenyekiti wa bodi ya Kenya Airways, shirika lililokuwa limezama katika madeni. Kwa hiyo mwandishi wa ripoti ya 1982 alipewa, baada ya miaka tisa, shirika moja la kuthibitishia maneno yake. Wataalamu kutoka British Airways waliletwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na njia zisizo na faida zikaachwa. Kwa waliopoteza kazi, hayo hayakuwa mageuzi bali msiba. Shirika lilianza kupata faida, na kampuni ya Kiholanzi ya KLM ikachaguliwa kununua asilimia 26 ya hisa.

Katikati ya shughuli hizo hakuacha kuandika. Mwaka 1994 yeye na Reginald Herbold Green walitoa kitabu Africa to 2000 and Beyond, kuhusu mwelekeo wa bara zima.

Philip Ndegwa alifariki Januari 1996, kabla ya kutimiza miaka sitini. Mwezi Machi mwaka huohuo, Sekretarieti ya ushirikiano mpya wa Afrika Mashariki ilizinduliwa Arusha, na hisa za Kenya Airways zikauzwa kwa umma kwa shilingi 11.25 kila moja. Wakenya zaidi ya laki moja walizinunua. Shirika lilistawi kwa zaidi ya mwongo mmoja, kisha likaporomoka tena kwa hasara kubwa, na mwaka 2017 madeni yake kwa serikali yakageuzwa kuwa hisa. Serikali ikajikuta inamiliki asilimia 48.9.