Tom Mboya na Mfanyakazi Aliyeumia

Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanapolitaja jina la marehemu Tom Mboya, aghalabu humkumbuka kama waziri aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sehemu ya sifa yake aliipata hapa Mombasa, miongoni mwa makuli wa bandarini.

Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Mluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara. Baada ya masomo aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Huko aliona jinsi Mwafrika alivyolipwa ujira mdogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile, akashika njia ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Mnamo Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alifika akashauriana nao, wakarejea kazini, na madai yao yakawekwa mezani kwa hoja na takwimu. Hatimaye waliongezewa mshahara kwa asilimia 33. Wala haukuwa ushindi wa kelele. Ulikuwa ushindi wa watu walioungana, wakamtanguliza mtu aliyejua kuandika dai na kulitetea.

Mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani. Mahakama ya Viwanda ilifuata mwaka 1964, na Hazina ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, mwaka 1965. Hata hivyo, kizazi chake hakikutuachia hazina ya kumlipa kila mwezi mtu aliyepoteza kazi, na miongo mingi imepita bila ya pengo hilo kuzibwa.

Kwa hiyo mfanyakazi wa leo hana budi kukishika kile kidogo anachopewa na sheria. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Akiarifiwa ajali, ana siku saba za kuiripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Dai la fidia nalo lapasa kuwasilishwa kwa mkurugenzi huyo katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Aliyeachishwa kwa sababu kazi imepungua, Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yampa malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Hata mapatano ya mdomo yanatambuliwa na sheria hiyo, ingawa kuyathibitisha ni kazi nzito.

Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Kibarua akikatwa vidole na mashine huambiwa akapumzike nyumbani, atatunzwa. Naye kwa heshima hunyamaza, asichukue karatasi ya hospitali wala majina ya wenzake walioshuhudia. Mwaka ukiisha, ahadi imekwisha na haki imekwenda nayo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Vyama vya wafanyakazi navyo visijivunie picha ya Mboya ukutani ilhali mjeruhiwa wa Changamwe hajui ofisi ya kuiendea. Kumheshimu marehemu ni kumshika mkono mtu huyo na kumwandikia dai lake kabla ya miezi 12 kupita.