James Lind, daktari wa meli aliyepima dawa

Katika toleo hili tunamkumbuka James Lind, mtu aliyetuachia njia ya kutofautisha dawa ya kweli na maneno matupu.

Lind alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1716. Akiwa na miaka 15 alianza kujifunza utabibu, na mwaka 1739 akaingia jeshi la majini la Uingereza. Wakati ule kiseyeye kiliwamaliza mabaharia katika safari ndefu. Ufizi ulivimba na kutoka damu, meno yakalegea, vidonda vya zamani vikafunguka tena. Dawa zilikuwa nyingi, na kila mwenye yake aliisifu.

Mei 1747, ndani ya meli ya Salisbury, Lind alichukua wagonjwa 12 wenye hali zilizofanana. Akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Jozi ya kwanza ilipewa kinywaji cha matufaha kilichochachuka, ya pili asidi iliyochanganywa na maji, ya tatu siki, ya nne maji ya bahari, ya tano machungwa mawili na limau moja kila siku, na ya sita dawa ya kitunguu saumu na haradali. Kwa kuwa mengine yote yalikuwa sawa, atakayepona angejulikana amepona kwa nini.

Siku ya sita matunda yaliisha. Lakini mmoja wa waliokula alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza wengine. Wa kinywaji cha matufaha walipata nafuu kidogo; waliobaki hawakupata nafuu ya maana.

Lind alitoa kitabu mwaka 1753. Ila alishauri maji ya matunda yapashwe moto ili yadumu, bila kupima kwanza kama nguvu yake itabaki. Moto uliiharibu. Alifariki mwaka 1794, na mwaka 1795 ndipo jeshi lilipoagiza mabaharia wapewe maji ya limau.

Wapendwa, sisi tunaokula mgao wa nafaka na maharage habari hii inatuhusu. Miaka ya 1980 kiseyeye kiliwapata wakimbizi makambini Somalia, Sudan na Ethiopia. Tupande mboga na nyanya, wala tusizipike mno. Na akija mwenye chupa inayoponya kila ugonjwa, tumwulize: imejaribiwa kwa wangapi? Wasioitumia walikuwaje? Hata Danieli aliomba wapimwe siku kumi, kisha walinganishwe na vijana wengine.